Mbwa Alikuwa wa Rangi Gani?

Foleni ya chumba cha sindano asubuhi ile ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita kwenye mabenchi ya ukumbi na kukunja kona kuelekea dirisha la dawa. Watoto walilia kwa zamu. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea. Feni ya dari ilizunguka kwa uvivu na haikumpoza mtu. Katikati ya kelele hizo alisimama muuguzi ambaye kituo kizima cha afya kilimwita Mkono Mwepesi, na wenye haraka walifupisha wakasema Mwepesi tu. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, nywele kazisuka na kuzifunga nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesema "mshike mkono mtoto" mpaka maneno yenyewe yamemchosha.

Lakini kilichomkera zaidi hakikuwa watoto. Alikuwa mwanamume mmoja mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mguu mmoja umechanika hadi gotini, na kitambaa kimefungwa chini ya goti. Kila zamu yake ilipofika, alirudi nyuma.

"Pita tu, mama, mimi sina haraka."

Mama akipita, yeye anamgeukia anayefuata. "Na wewe mzee, tangulia. Umri huo si wa kusimama."

Mwepesi aliweka trei mezani.

"Wewe wa ovaroli. Nani amekupa kazi ya kugawa nafasi kwenye foleni yangu?"

"Nawaonea huruma tu, Sista."

"Umewaonea huruma mpaka wamekwisha. Ingia ukae."

Aliingia. Alikaa ukingoni mwa kiti, mguu mzima umeelekea mlangoni tayari kwa lolote. Alinuka dizeli, ila kucha zake zilikuwa safi kuliko za daktari, na jambo hilo Mwepesi aliliona ingawa hakutaka kuliona.

"Mbwa wa nani?"

"Wa gereji ya mjomba wangu. Tena mimi ndiye ninayemlisha."

"Basi alikuwa anashukuru. Jeraha limeoshwa?"

"Limeoshwa pale nje, kwa sabuni na maji mengi."

"Vizuri. Utachomwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Ni mfululizo, si moja. Toa bega."

"Mfululizo?" Sauti yake ilikwenda chini kabisa.

Mwepesi alikuwa na mbinu yake. Hakuhesabu moja mbili tatu, wala hakusema haiumi, kwa kuwa watu wazima hawaamini na watoto wameshadanganywa vya kutosha. Yeye aliuliza swali, swali lolote, mradi mtu alifikirie. Ukifungua tu mdomo kujibu, sindano imeingia na kutoka.

"Mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Ka—"

"Tayari."

"Tayari nini?"

"Bonyeza pamba hapo. Anayefuata."

Hakuondoka. Alilitazama bega lake, akalitazama bomba la sindano lililotupwa kwenye kisanduku, kisha akamtazama muuguzi kwa heshima kubwa.

"Sijamaliza kujibu."

"Si lazima ujibu. Ni la kukupoteza mawazo tu."

"Sista, hiyo sindano tundu lake jembamba kiasi gani?"

"Foleni, kaka."

"Nauliza kwa sababu na mimi nashughulika na sindano. Fundi wa pampu na nozeli za dizeli. Ndani ya nozeli mna sindano, imekaa kwenye kitundu chake hata unywele haupiti. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu, inanyanyuka, dizeli inaingia kwenye injini kama ukungu. Sindano ikichoka, yanadondoka matone, na gari linafuka moshi mweusi barabara nzima."

"Mtu anayeshinda na sindano anaogopa sindano?"

"Zangu naziingiza kwenye injini. Injini haina ngozi."

Mwepesi hakukusudia kucheka, lakini alicheka, na kucheka huko kukamkera siku nzima.

Fundi alirudi kwa kila sindano iliyofuata, na kila mara alipigwa swali. Ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani? Mama yako anakukumbusha nini kila akikupigia? Ungepewa siku moja ya kupumzika ungeenda wapi? Hakupata kumaliza jibu hata moja. Alipoomba namba ya simu alisema ni kwa ajili ya kuulizia homa, na jioni hiyo hiyo simu ikaita.

"Sista, mkono unauma kidogo."

"Utaacha."

"Na moyo je?"

"Huo si wa idara yangu."

"Nimpeleke kwa nani mgonjwa wangu?"

"Una maneno mengi kwa mtu anayejificha nyuma ya wajawazito."

Basi wakapendana. Niseme nini zaidi? Walipendana jinsi watu wazima wenye kazi wanavyopendana, kwa simu za mchana, kwa chai ya jioni, kwa kusubiriana kituoni huku mmoja amechoka na mwingine ananuka dizeli. Mwaka ukakatika. Mwepesi alimpenda Fundi kwa moyo wote, ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho kingemtia wazimu: mwanamume huyo alipima kila kitu.

Ukimwambia twende mahali fulani, anasema ngoja nipime kwanza. Ukimuuliza shati hili ama lile, ngoja nipime. Gerejini kwao nozeli haitoki mpaka iwekwe kwenye mashine ya kupimia, isukumwe mafuta, na yeye ainame autazame ukungu wake. "Fundi anayesema imepona kabla ya kupima," alikuwa akisema, "mteja anarudi na matusi." Siku moja kwenye meza ya chai alitoa nati mfukoni akamvisha Mwepesi kidoleni. Ikapwaya. Akatoa nyingine.

"Hii imekukaa," alisema, akaivua, akairudisha mfukoni.

"Wenzangu wanavishwa dhahabu. Mimi navishwa nati, na hata hiyo nanyang'anywa."

"Subira, mpenzi."

"Subira yangu imeshatoa moshi mweusi."

Hatimaye Mwepesi alimpeleka kwao kwa chakula cha mchana. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, Fundi amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni. Mwepesi alikuwa na tumaini moja tu kwa mchana huo: kwamba mtu mmoja, yeyote, amuulize Fundi ana nia gani. Baba yake aliweka kijiko chini, akakohoa. Mwepesi akashika ukingo wa meza.

"Kijana, kazi yako nini?"

Fundi akaeleza nozeli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kumbe tunafanana," alisema baba, mjenzi mstaafu. "Ukuta ukipata ufa, sisi tulitoboa vitundu kando yake, tukasukuma uji wa saruji mpaka ukatokea upande wa pili. Ukisukuma kwa pupa, unaupasua ukuta wenyewe."

"Mnasukuma kwa nguvu kiasi gani, baba?" Macho ya Fundi yalikuwa yamewaka.

"Kwetu kiwandani ni zaidi," akadakia shemeji, mume wa dada mkubwa, aliyekuwa anasimamia mashine za mabeseni. "Plastiki inayeyushwa, inasukumwa ndani ya kalibu kwa shindo moja. Ukifungua kalibu kabla haijapoa, unatoa beseni limepinda kama sikio."

Dada mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mitambo ya kompyuta, hakukubali kuachwa. "Sisi wanatudunga kwa maneno. Mahali palipoandikwa weka jina lako, mtu anaweka amri. Mashine inadhani ni jina, inapokea, inatii. Kesho siri zote ziko nje."

Redio ya jikoni ilikuwa inasoma habari za benki iliyoongezewa mtaji. "Hata benki zinachomwa sindano siku hizi," alisema mama. Wote wakacheka, wakaongeza chakula, na baba akamchorea Fundi ule ufa juu ya kitambaa cha meza kwa ncha ya kisu.

Hakuna aliyemuuliza nia yake. Njiani kurudi Fundi alikuwa na furaha kupita kiasi.

"Familia yako nimeipenda sana."

"Mmeongea sindano tangu mnanawa mikono mpaka mnanawa tena."

"Baba yako anajua kazi."

"Najua anajua kazi," alisema Mwepesi, akaongeza mwendo mpaka kituo cha basi.

Wiki iliyofuata Matroni, mkuu wa wauguzi, alimwita ofisini. Kulikuwa na kituo kipya katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na walitaka yeye akasimamie chanjo zote. Ilikuwa nafasi ya kupanda cheo, na jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa wiki. Mwepesi aliitaka kazi ile. Alimtaka na Fundi. Kila jioni alijiambia leo nitamuuliza, na kila jioni, wakikaa wawili na vikombe vyao, aliishia kuuliza habari za gereji. Ajabu ni kwamba kazini, bomba la sindano likiwa mkononi, hapakuwa na swali lililomshinda.

Siku mbili kabla ya kutoa jibu, ovaroli ya buluu ilitokea tena mlangoni. Safari hii ule mguu mwingine ndio uliochanika.

"Usiniambie."

"Ni yeye yule," alisema Fundi kwa unyonge.

"Mbwa yule yule, mtu yule yule. Hivi mna ugomvi gani?"

Nje foleni ilikuwa inafokafoka. Fundi alikaa, akatoa bega, akafumba macho. Mwepesi akavuta dawa, akapangusa ngozi, akainua mkono. Na mdomo wake, uliozoea kuuliza saa hiyo, ukauliza kile kilichokuwa kimemjaa kifuani.

"Nikihamishiwa mbali, utanioa twende wote, au utaniacha niende?"

Sindano ikaingia. Fundi alifumbua macho akaangua kicheko.

"Ah, ya leo kali. Umenipata kabisa. Sikuhisi hata kidogo." Akabonyeza pamba, akambusu hewani, akatoka akichechemea kwa furaha. "Jioni nitakupigia, mpenzi."

Mwepesi alibaki amesimama na bomba tupu mkononi. Mama mmoja alimsogezea mtoto wake mara mbili ndipo akashtuka. Mchana huo alikwenda kwa Matroni akasema ndiyo. Jioni simu iliita, akaiacha iite. Iliita tena na tena mpaka akaona bora aipokee kuliko kuivunja.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi mbona sauti hiyo?"

"Ndiyo sauti yangu. Mwisho wa wiki ijayo nahamia kikazi." Akamtajia mji. "Nilikuuliza swali, hukujibu."

"Swali gani?"

"Kama hulijui, basi."

"Lini? Wapi? Nikumbushe tu kidogo."

Alikata simu. Kwa hasira alikunja nguo zote za kabati, akazipanga kwenye sanduku, akaona amezipanga vibaya, akazitoa zote. Dada mkubwa alimkuta ameketi katikati ya rundo, macho mekundu, akasimuliwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Ngoja nielewe. Umemuuliza mwanamume kama atakuoa, huku unamchoma sindano ya mbwa?"

"Ndivyo ninavyouliza maswali."

"Tangu sindano ya kwanza unamwambia si lazima ajibu. Umemzoesha kwamba ukiuliza hapo huna maana yoyote. Leo hajajibu, unanuna."

"Angesikia."

"Kazini kwetu amri ikipitishwa mlango wa jina, tunamtafuta aliyeipitisha. Mdogo wangu, ni wewe. Mpigie."

Mwepesi alijua dada yake kasema kweli na ilimuuma. Alipochukua simu alikuta ujumbe wa sauti. Nyuma yake kulisikika mashine za gereji na mbwa akibweka.

"Mpenzi. Nimekaa nimekumbuka maswali yote, maana sikuwahi kumaliza jibu hata moja, huenda ni moja kati ya hayo. Mbwa ni kahawia. Nilipokuwa mdogo nilitaka kuwa rubani, mpaka nilipopanda mti wa jirani nikaogopa kushuka. Mama kila akipiga ananikumbusha kula. Siku moja ya kupumzika ningeenda popote ulipo, hata foleni hiyo yako." Mbwa alibweka tena. "Halafu kuna la leo. Lile nililicheka. Mpenzi, kama ni lile... Kama ni lile, ngoja nipime kwanza."

Ujumbe ukaishia hapo. Mwepesi aliitupa simu kitandani.

"Apime nini?" alimuuliza dada yake. "Mimi ni nozeli?"

Akaiokota, akapiga. Haipatikani. Akapiga kesho yake, haipatikani. Alikwenda gerejini na hasira zake zote, akamkuta mjomba mtu na mafuta mpaka viwikoni, na mbwa wa kahawia amelala kivulini kwa amani ya Mungu.

"Kasafiri, mwanangu. Kasema anakwenda kupima."

"Kupima nini, mjomba?"

"Hakusema. Unamjua mwenyewe."

Alimjua, na hilo ndilo lililomtoa machozi njia nzima ya kurudi. Angesema hapana, angelia akamaliza. Angesema ndiyo, angefurahi. Lakini kuachwa hewani na mtu anayepima, hilo lilimshinda.

Siku yake ya mwisho kazini, foleni ilikunja kona kama kawaida. Wenzake walikuwa wamemletea keki na hakuwa na hamu ya kuila. Alikuwa anasema "mshike mkono mtoto" alipoona ovaroli ya buluu ikipenya kati ya watu, ikiomba radhi huku na huku. Ilikuwa na vumbi la safari, na mwenye ovaroli hakuwa amenyoa.

Fundi aliingia, akakaa kwenye kiti, akatoa bega.

"Leo si siku yako ya sindano," alisema Mwepesi bila kumtazama. "Au amekuuma tena?"

"Nimekuja kwa swali."

"Ulikuwa wapi?"

"Huko unakohamia." Alikuwa anahema. "Nimezunguka mji wote. Magari ya dizeli yamejaa, na nozeli zao wanazituma mbali, zinakaa wiki mbili hazijarudi. Nimepata chumba cha kazi, kina umeme wa kutosha. Mjomba ananiachia ile mashine ya zamani ya kupimia. Mbwa anabaki kwake."

"Na simu?"

"Niliizima. Niliogopa nikisikia sauti yako nitaahidi kabla sijapima. Ningekuambia ndiyo, halafu tufike huko niwe mzigo wako. Ndiyo ya namna hiyo sikutaka kukupa."

"Wewe utaniua mimi." Sauti ya Mwepesi ilikatika katikati. "Ungeniambia tu kwamba umesikia. Siku zote hizi nimekaa nikijua umeniacha."

"Nisamehe. Hilo sikulipima."

"Na mimi nisamehe. Pale hapakuwa mahali pa kukuuliza."

"Basi niulize tena. Weka hicho chini, uniulize."

Mwepesi aliweka bomba la sindano kwenye trei. Akina mama wa mlangoni walinyamaza, na hata mtoto mmoja aliyekuwa analia aliahirisha.

"Nikienda," alisema polepole, "utanioa twende wote?"

Fundi aliuchukua mkono wake wa kushoto, akautazama kwa makini kana kwamba anatafuta mshipa.

"Mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Ka—"

"Tayari."

"Tayari nini?"

Alitazama. Kidoleni palikuwa na pete ya chuma, nyembamba, imechongwa kwa mashine na kusuguliwa mpaka taa ya dari ikaonekana ndani yake. Haikupwaya wala haikubana. Akaikumbuka ile nati, na meza ya chai, na jinsi alivyolalamika.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Jibu ni ndiyo. Tangu lile la rangi ya mbwa ni ndiyo."

Mwepesi alilia palepale, kwa sauti, mbele ya watu aliokuwa akiwakataza kulia. Akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakaogopa vigelegele wakaanza upya, na Matroni akatoa kichwa ofisini kuuliza kuna nini. Kisha Mwepesi akafuta macho kwa kiwiko, akaivua pete.

Fundi alibadilika rangi. "Haijakukaa?"

"Imenikaa sawasawa. Kazini hatuvai pete." Akaitumbukiza mfuko wa kifuani, akafunga kifungo, akahakikisha kimefunga. "Nenda kakae kwenye benchi pale nje unisubiri, namaliza hawa. Na safari hii usimwachie mtu nafasi yako."

Fundi akaenda, akakaa. Haukupita muda mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsogelea, akamuuliza kama anaweza kumpisha kidogo.

"Samahani, mama," alisema Fundi. "Leo hapana."